Chuma cha Wahaya: tujisifu kwa lipi hasa?

Kuna habari moja haichoki kuzunguka. Inakuja kwa barua pepe, inakuja kwenye simu, inakuja mdomoni mwa yule rafiki yako aliyesoma kitabu kimoja cha historia ya Mwafrika na kuanzia siku hiyo hataki tena kuitwa jina la ubatizo. Habari yenyewe ni hii: Wahaya wa Tanzania walitengeneza chuma cha pua miaka 2000 iliyopita, wakati Wazungu waliijua mbinu hiyo karne ya 19. Ukiisikia unatamani kusimama upige makofi. Wengine hucheka tu na kusema: "Haya, Wahaya tena hao!"

Mimi sina ugomvi na kujisifu. Watu waliofundishwa shuleni kwamba babu zao hawakugundua chochote wana haki ya kujisifu kidogo. Ninachouliza ni kimoja: tunajisifia nini hasa? Ukimuuliza anayetuma habari hiyo, chuma cha pua ni nini na kina tofauti gani na chuma kingine, mara nyingi atakujibu kwamba ni chuma kigumu. Basi. Na hapo ndipo tunapojipunja, maana yale tusiyoyajua kuhusu kazi ya wazee wale ni makubwa kuliko hayo tunayoyatangaza.

Tuanze na neno. Kiswahili kina neno pua. Si hii ya kunusia, ni ile ya madini. Siku hizi wengi wakisikia chuma cha pua wanafikiria sufuria na masinki yasiyoshika kutu. Lakini ile ni aina ya kisasa, yenye kromi ndani yake, na ilianza kutengenezwa karne ya 20. Pua ninayoizungumzia hapa ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Kaboni ndiyo ile ile iliyomo kwenye mkaa.

Kidogo kiasi gani? Kidogo cha kushangaza. Chukua kilo moja ya chuma. Ikiwa na gramu moja ya kaboni au pungufu, una chuma laini. Kinapindika, kinafulika vizuri, lakini kisu chake hakikai makali. Weka gramu 5 au 8, una pua: kinashika makali, kinastahimili kishindo. Vuka gramu 20 na kuendelea, una chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini. Kinamiminika vizuri kwenye kalibu lakini ukikigonga kwa nyundo kinapasuka kama chungu. Kwa hiyo kati ya jembe linalopinda, panga linalokata na sufuria inayopasuka, tofauti ni gramu chache za mkaa.

Hapo bado hatujagusa moto na maji. Tuseme una kipande cha pua. Kipashe hadi kiwe chekundu kabisa, nyuzi joto 800 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo chembe za chuma hujipanga upya na kuipokea kaboni katikati yake. Sasa una njia mbili. Ukikifukia kwenye majivu kipoe polepole, kaboni inapata muda wa kutoka na kujitenga, na chuma kinakuwa laini, unaweza kukikata kwa tupa. Ukikichovya majini ghafla, kaboni inanaswa humo humo kabla haijatoka, chembe zinabanana na kupindana, na chuma kinakuwa kigumu ajabu. Kigumu mno hata ukikiangusha sakafuni kinaweza kukatika. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hakiachi hivyo. Anakirudisha motoni taratibu, mara hii joto dogo tu, huku akiangalia rangi inayotambaa juu ya chuma kilichosuguliwa: kwanza manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, karibu nyuzi 300. Kisu cha kunyolea husimamishwa kwenye manjano, springi kwenye bluu. Ugumu unapungua kidogo, uvumilivu unaongezeka.

Tazama jambo hili vizuri. Kipande ni kile kile, kaboni ni ile ile, uzito ni ule ule, lakini kimekuwa vitu vitatu tofauti kwa sababu ya mambo yaliyokipata njiani. Metali haijulikani kwa asili yake tu, inajulikana pia kwa malezi yake. Shikilia hapo, tutalihitaji wazo hili tukifika Bukoba.

Sasa twende Buhaya. Mwaka 1969 Mmarekani kijana aitwaye Peter Schmidt alifika magharibi ya Ziwa Victoria. Alikuwa anafanya utafiti wa historia na akiolojia, na badala ya kuanza kuchimba alianza kusikiliza. Wazee wa Katuruka, karibu na Maruku, walimwonyesha mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na kiwanda cha mhunzi. Walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, anayewekwa katika karne ya 17, ambaye inasemekana alijenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Ungekuwa wewe, msomi wa mjini, ungesema ni hekaya. Schmidt alichimba pale. Chini ya ardhi kulikuwa na mkaa, vigae vya mirija ya udongo na mavi ya chuma, yaani yale mabaki ya mawe yanayoachwa na uyeyushaji. Vipimo vya mkaa vilionyesha kwamba kazi ya chuma katika eneo lile ilikuwa na umri wa miaka 2000 hivi. Baadhi ya vipimo vilirudi nyuma zaidi, na wataalamu bado wanabishana juu ya hivyo. Lakini ubishi huo haugusi jambo la msingi. Mahali palipotajwa na masimulizi kuwa pa chuma palikuwa pa chuma kweli, na pa zamani sana kumzidi mfalme mwenyewe.

Kilichofuata ndicho kinachonisisimua zaidi. Schmidt alimleta mwenzake Donald Avery, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Mwaka 1976 waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma upya. Fikiria ugumu wa ombi hilo. Uyeyushaji ulikuwa umekoma Buhaya kwa takriban miaka 50 au zaidi. Waliobaki walikuwa wazee ambao enzi za ujana wao walibeba mkaa, wakavukuta mivukuto, wakaangalia wakubwa wao wakifanya maamuzi. Sasa wakubwa wale hawapo, na wao ndio wanatakiwa kukumbuka.

Walikumbuka, ingawa si mara moja. Walichimba shimo, wakajenga juu yake tanuri kwa udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Ndani ya shimo walichoma matete ya bondeni hadi yakawa makaa mepesi yaliyolijaza. Kuzunguka tanuri walipanga mivukuto, na pumzi yake ikapita kwenye mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, si kuishia ukutani. Kisha mkaa, kisha mawe ya chuma yaliyochomwa kwanza, kisha watu wakavukuta kwa zamu, saa baada ya saa, wakiimba. Majaribio ya mwanzo hayakuwaridhisha. Wakajadiliana, wakabadilisha hiki na kile, wakarudia. Mwishowe wakatoa donge la chuma lenye sehemu za pua ndani yake.

Kila kitu pale kilikuwa na kazi. Katika tanuri la aina hii chuma chenyewe hakiyeyuki. Chuma safi kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kinachoyeyuka ni uchafu wa mawe, kwenye nyuzi 1,200 hivi. Moshi wa mkaa unanyang'anya mawe oksijeni, chuma kinabaki chembe chembe na kujikusanya, na uchafu unatiririka chini. Huo uchafu bado umebeba chuma kingi. Sasa unatiririkia wapi? Kwenye lile shimo la matete yaliyoungua, ambayo ni kaboni tupu iliyolegea kama sifongo. Pale kaboni inaendelea kukamua chuma kutoka kwenye uchafu, na chuma nacho kinakunywa kaboni. Na katika mavi ya chuma ya kale yaliyochimbwa, yale ya enzi za zamani sana, watafiti walikuta alama za matete zimejichora. Vipande vya mirija ya kale navyo vilikuwa na uchafu ulioyeyuka na kugandia upande wa nje, dalili kwamba mirija ilikuwa imeingia ndani ya moto. Wazee wa 1976 walikuwa wanafanya baadhi ya mambo yaliyofanywa pale pale miaka mingi kabla ya kuzaliwa kwa ukoo wowote wa kifalme wanaoukumbuka.

Septemba 1978 Schmidt na Avery walichapisha matokeo kwenye jarida la Science. Walisema mirija ikiwa ndani ya tanuri, hewa inapashwa moto kabla ya kufika kwenye mkaa, na hivyo tanuri linapata joto kali sana. Hapo dunia ikashtuka, kwa sababu kupasha hewa moto kabla ya kuiingiza tanurini ni ugunduzi ambao Ulaya unaandikwa kwa jina la James Beaumont Neilson wa Glasgow, aliyepata hataza yake mwaka 1828. Magazeti yakalibeba jambo hilo, na kutoka magazetini likaja kwetu, likipungua maneno na kuongezeka chumvi njiani, hadi likawa ile habari tunayotumiana.

Sasa tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli ndiyo inayotuaibisha tukikutana na mtu aliyesoma. Wataalamu wengine waliupinga ufafanuzi ule. J. E. Rehder alihoji, katika miaka ya 1980, kama hewa inayopita haraka kwenye mrija mfupi inapata muda wa kupata joto la maana. David Killick, ambaye amechunguza vyuma vya Afrika kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1996 akitaka madai ya namna hii yapimwe kwa makini zaidi. Na jambo jingine: kutoa pua kwenye donge si muujiza wa mahali pamoja. Tanuri za madonge, za Ulaya, za Asia na za Afrika, zote zinaweza kutoa chuma laini sehemu moja na pua sehemu nyingine, kutegemea wingi wa mkaa na mwendo wa hewa. Warumi walikisifu chuma cha Noricum, Austria ya leo. India na Sri Lanka walipika pua kwenye vyungu vidogo. Wachina walikuwa wakisubu chuma karne kadhaa kabla ya Kristo. Kwa hiyo kusema Wahaya walikuwa wa kwanza duniani, au kwamba Ulaya haikujua pua hadi karne ya 19, si kweli. Kilichotokea Ulaya karne ya 19 ni kuitengeneza kwa wingi na kwa bei ndogo, hasa baada ya Henry Bessemer kutangaza njia yake mwaka 1856.

Je, hapo tumeporwa kitu? Mimi nasema hapana. Mashindano ya nani wa kwanza tumeyakopa kwa wale wale waliotuambia sisi ni wa mwisho. Tukiyaacha, macho yanafunguka tuone kazi yenyewe. Watu wa ziwani walitumia kichuguu, kwa sababu udongo wake unastahimili moto. Walitumia tete, mmea ambao mwingine angeupita tu bondeni. Walitawala kemia ya moto kwa macho, kwa masikio na kwa hesabu ya pumzi. Hawakuwa na kipimajoto wala neno kaboni, lakini walijua tanuri likilia vile, ongeza mkaa.

Na hawakuwa peke yao. Nenda Ufipa, kusini-magharibi. Kule wahunzi walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyoweza kufika mita tatu na zaidi, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameyachunguza kwa undani. Donge lililotoka kwenye ilungu lilikuwa limejaa uchafu. Halikupelekwa moja kwa moja kwenye fuawe. Lilipitishwa kwanza kwenye tanuri dogo, kintengwe, likasafishwa kwa moto wa mivukuto, ndipo likafuliwa. Hatua mbili za moto, kisha nyundo. Nyundo nayo haikuwa ya kutengeneza umbo tu: kufua chuma kikiwa cha moto kunakamua uchafu uliobaki na kuziba matundu. Donge ambalo halijafuliwa ni kama unga ambao haujakandwa.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima nilitaje hata kama halinogeshi hadithi. Katika vyuma vya kale vya kusini mwa Sahara vilivyochunguzwa kwa darubini, dalili za kuchovywa majini ili viwe vigumu ni chache. Pua ilikuwepo, lakini ule mchezo wa maji na kupasha tena nilioueleza hapo juu haukuwa kawaida. Kwa nini? Wapo watakaosema ni upungufu. Mimi naangalia kazi yenyewe. Chombo kikuu cha wahunzi hawa kilikuwa jembe. Jembe linagonga mawe na mizizi siku nzima. Lilipiwa mahari, lilifanya kazi ya fedha, lilisafiri hadi masoko ya Tabora. Jembe likipinda unalinyoosha. Likikatika umepoteza mahari. Fundi anayetengeneza jembe ana sababu nzuri ya kutaka chuma kivumilivu kuliko kigumu.

Basi kazi hii iliishaje? Angalia tarehe hizi mbili. Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwa kazini kwa Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba. Mwaka 1895 Mfaransa Floris Osmond aliipa jina ile hali ya chuma kilichochovywa majini, akaiita martensiti kumuenzi Mjerumani Adolf Martens, aliyeangalia vyuma kwa darubini. Katika kipindi hicho hicho Wazungu walikuwa wanaandika majina ya yanayotokea ndani ya chuma, na huku kwetu watu wenye elimu ya mikono ya jambo hilo hilo walikuwa wanaingia chini ya utawala mgeni. Hakuna aliyewauliza kitu. Majembe ya viwandani yalishuka melini, bei poa. Vyuma chakavu vikapatikana kila mahali, na mhunzi akaona hana haja ya kuteseka na tanuri wakati kuna reli mbovu na pipa bovu. Uhunzi ukabaki, uyeyushaji ukafa. Ilichukua miaka michache tu, maana elimu isiyoandikwa inaishi muda wa kizazi kimoja kinachoitumia.

Hapa ndipo ninapoumia. Wale wazee wa 1976 walikuwa daraja la mwisho. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, na mkoa ule ukazika watu kwa miaka mingi. Wakafa watu wazima waliotakiwa kupokea maneno ya wazee, na wajukuu wakabaki na bibi zao wakigombania chakula, si historia. Baadaye wanakijiji wa Katuruka wenyewe waliamua kuifufua sehemu yao ya urithi, wakakusanya walichoweza kutoka kwa wazee waliosalia. Nawavulia kofia. Lakini jiulize: kama Schmidt angechelewa miaka 20, tungekuwa na nini cha kutumiana kwenye simu? Mavi ya chuma bila mtu wa kuyaeleza.

Siandiki haya tulie pamoja. Kwanza, uhunzi wenyewe haujafa. Nenda kwenye gereji na viwanda vya uani, utamkuta fundi anayetafuta springi za magari makuukuu atengenezee mapanga na visu. Muulize kwa nini springi na si nondo. Atakwambia nondo haishiki makali. Huyo anajua habari za kaboni bila kuitaja, kama wale wa Buhaya. Pili, mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilisaini mkataba na kampuni ya Kichina, Sichuan Hongda, kuhusu chuma cha Liganga, Ludewa, nchi ya Wapangwa, ambao nao walijulikana kwa uhunzi. Miaka zaidi ya kumi ikapita bila kuona hata kijiko kutoka kule. Mawe tunayo. Mawe hayakuwahi kuwa tatizo. Hata Rugomora Mahe alikuwa na mawe. Kinachogeuza jiwe kuwa pua ni watu wanaojua nini kifanyike kwanza na nini kifuate, na wanaomfundisha anayekuja nyuma yao.

Kwa hiyo tujisifu, lakini tujisifu kwa lililo letu kweli. Ukitumiwa tena ile habari, usiifute na usiisambaze kama ilivyo. Ongezea matete. Ongezea kichuguu, malungu na vintengwe, na wale wazee walioshindwa mara ya kwanza wakarudia. Na kama una babu au bibi kijijini ambaye baba yake alivukuta mivukuto, iwe Buhaya, Ufipa, Upangwa au Uzinza, likizo hii mkalie karibu umuulize. Uliza tanuri lilikuwa linalia vipi.